Jeevanjee na Deni la Reli

Mwaka 1895 Waingereza walikuwa na reli ya kujenga na hawakuwa na watu wa kuijenga. Kampuni yao ya Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa herufi IBEA, ilikuwa imeishiwa fedha na kukabidhi mzigo kwa serikali. Serikali nayo ilikwisha kutangaza himaya juu ya nchi iliyoanzia Mombasa na kuingia bara, na wakubwa wa London waliamini kwamba anayeishika Uganda ameyashika maji ya mto Nile, na kwa hiyo ameishika Misri. Reli ikawa lazima. Vibarua wangetoka wapi? Watu wa pwani walikuwa na mashamba na shughuli zao, na huko bara Mkamba au Mkikuyu hakuona sababu ya kwenda kuvunja mawe katika nyika ya Taru kwa ujira wa mgeni.

Waliyemwendea alikuwa Mbohora wa Karachi mwenye umri wa miaka 39, Alibhai Mulla Jeevanjee. Mombasa alikuwa na miaka 5 tu tangu afike.

Alizaliwa Karachi mwaka 1856. Masomo ya darasani hayakuwa mengi, lakini biashara aliijua mapema, na tena biashara ya kusafiri: katika miaka ya 1880 alikuwa Adelaide, Australia, akiuza bidhaa za Mashariki kwa Wazungu wa huko. Mwaka 1890 alifungua tawi la kampuni yake Mombasa na kupata kazi ya kupakia na kupakua meli za IBEA. Kazi hiyo ilimkutanisha kila siku na Waingereza waliohitaji vitu upesi na hawakujua pa kuvipata. Mtu wa namna yake hakukosa la kufanya mahali kama hapo.

Kandarasi ya reli ilimtaka akusanye mafundi na makuli kutoka India, hasa Punjab, na kuwavusha bahari hadi Kilindini. Mkataba wa kuli ulikuwa wa miaka 3, na nauli ya kurudi ilikuwa juu ya mwajiri. Hadi kazi ilipokwisha, zaidi ya watu 31,000 walikuwa wameletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini, kwa homa, kwa kuhara, kwa ajali. Wachache waliliwa na simba. Jeevanjee hakuishia kuleta watu. Alichukua kandarasi ya kuwalisha, halafu ya kukata miamba, ya kujaza udongo, ya kujenga majengo ya stesheni. Simba wa Tsavo wametengenezewa filamu. Aliyehakikisha unga na dengu zinafika Tsavo hajatengenezewa yake, ingawa bila unga na dengu reli isingefika hata Voi.

Hapo kuna jambo ambalo wanaomsifu huwa wanalipita haraka. Utajiri wake wa kwanza ulitoka kwenye migongo ya watu maskini wa nchi yake mwenyewe, waliofungwa kwa mkataba ambao wengi wao wasingeweza kuusoma. Hakuwa mwovu kuliko makandarasi wengine wa zama zile. Lakini miaka 15 baadaye, alipopanda jukwaani kudai heshima ya Mhindi aliyejenga reli, Mhindi aliyemsema alikuwa yule kuli, na kuli hakuwa jukwaani.

Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Palikuwa bwawa na tope, mahali ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe, na wahandisi walipachagua kwa sababu ndipo tambarare ya mwisho kabla ya mlima. Hapakuwa na mpango wa mji. Palikuwa na mahema, karakana, na mtaa wa vibanda vya mabati uliokuwa soko la Wahindi. Tauni ilipoingia mwaka 1902, wakubwa wa afya waliamuru mtaa huo uteketezwe kwa moto, na ukateketezwa. Palipo na majivu kuna kazi ya ujenzi, na Jeevanjee alikuwa mjenzi. Alijenga ofisi za serikali na nyumba za maofisa, akajenga soko la mji, akanunua viwanja. Ikafika mahali serikali iliyotawala Nairobi ilikuwa ikiishi kwa sehemu kubwa katika majengo ya mtu mmoja. Alikuwa pia na meli, zilizofanya safari katika Bahari ya Hindi.

Mwaka 1902 alianzisha gazeti Mombasa, la Kiingereza, lililotoka kila wiki na kuitwa African Standard, akamwajiri Mwingereza aitwaye W. H. Tiller awe mhariri. Mwaka 1905 aliliuza kwa Waingereza wawili, ambao walilibadilisha jina kuwa East African Standard na baadaye wakalihamishia Nairobi. Ndilo The Standard linalouzwa leo. Baada ya kuuzwa likawa sauti ya walowezi, na kwa miaka mingi hakuna gazeti lililowashambulia Wahindi wa Kenya kwa bidii kama hilo. Nadhani katika mauzo yote aliyoyafanya maishani, hayo ndiyo yaliyomgharimu zaidi, ingawa hasara yake haikuandikwa kwenye vitabu vya kampuni.

Mwaka 1906 aliupa mji bustani. Ni ile ambayo Wanairobi wanaikatiza kila siku kutoka Moi Avenue kwenda Muindi Mbingu, ambako wahubiri hupaaza sauti saa za chakula cha mchana na vijana hulala kwenye majani. Ndani yake aliweka sanamu ya Malkia Victoria, ikazinduliwa na mtoto wa Malkia mwenyewe, Mtemi wa Connaught, aliyekuwa ziarani. Msomaji wa leo anaweza kuona pale tajiri wa koloni anayejipendekeza kwa wafalme. Inawezekana, lakini kuna maana nyingine ambayo kila Mhindi msomi wa wakati ule aliijua. Mwaka 1858, baada ya maasi makubwa ya India, Victoria alitoa tamko la kuwaahidi raia wake Wahindi kwamba watatendewa sawa na raia wake wengine, bila kujali rangi wala dini. Kizazi kizima cha wanasiasa wa India kilishika tamko hilo kama mtu anayeshika hati ya deni. Kumsimamisha Victoria katikati ya Nairobi, mji ambao walowezi walikuwa wameanza kuuita wao, ilikuwa ni kumsimamisha aliyeweka sahihi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siasa ya Jeevanjee ilikuwa ni daftari. Upande mmoja aliandika Wahindi walichotoa: vibarua wa reli, askari walioipigania himaya, maduka yaliyofunguliwa hata mahali ambapo Mzungu hakuthubutu kulala usiku. Nchi yenyewe ilitumia rupia ya India, mahakama zake zilihukumu kwa sheria ya jinai ya India, na himaya ilitumia pia stempu za posta za India zilizogongwa chapa juu. Upande wa pili aliandika walicholipwa, na hesabu haikulingana.

Haikulingana kwa sababu ya ardhi. Tangu Sir Charles Eliot alipokuwa Kamishna, kuanzia 1900, sera ilikuwa kuwaita Wazungu waje walime nyanda za juu, ili reli iliyojengwa kwa gharama kubwa ipate mizigo ya kubeba. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ikafungua mlango. Walowezi waliokuja, wakiongozwa na Lord Delamere, walidai mara moja kwamba Mhindi asiuziwe shamba huko. Lord Elgin, Waziri wa Makoloni, alikubali mwaka 1908: isingekuwa sheria ya ubaguzi, alisema, ila kwa sababu za kiutawala ardhi ya nyanda za juu wasipewe Wahindi. Mtu aliyelisha watu waliotandika reli kupita katika nyanda hizo alikatazwa kununua eka moja kando ya reli hiyo.

Wakati huo huo, mwaka 1907, Baraza la Kutunga Sheria lilikaa kwa mara ya kwanza Nairobi, likiwa na maofisa wa serikali na walowezi wachache walioteuliwa, Delamere akiwa mmoja wao. Winston Churchill, kijana aliyekuwa naibu katika Wizara ya Makoloni, alipita Nairobi mwaka huo, na katika kitabu chake cha safari akawasifu Wahindi kwa yale yale ambayo Jeevanjee alikuwa akiyasema. Wahindi wakakihifadhi kitabu hicho kwa ajili ya siku za mbele. Walikihitaji: mwaka 1922, akiwa sasa ndiye Waziri wa Makoloni, Churchill aliwahakikishia walowezi kwamba nyanda za juu zitabaki za Wazungu.

Kati ya 1909 na 1911 Jeevanjee alikalia kiti katika baraza lile, kwa uteuzi wa Gavana. Alikuwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia humo. Ni rahisi kudhani kwamba hicho ndicho kilele cha maisha yake ya siasa. Kwangu mimi ilikuwa somo lililomkatisha tamaa. Alikuwa mmoja kati ya wengi waliokwisha kukubaliana kabla ya kikao. Kura yake haikuweza kuzuia kitu, na uwepo wake uliipa serikali nafasi ya kusema kwamba Wahindi wanasikilizwa. Alipoondoka, kwa miaka mingi kiti hakikupewa Mhindi mwingine.

Kwa hiyo alikwenda kudai deni kwa mkubwa mwenyewe. Mwaka 1910, kabla hajaondoka barazani, alikuwa London, na mahojiano yake na gazeti la Daily Chronicle yalizua kelele hadi Nairobi. Alieleza jinsi Wahindi wanavyobaguliwa katika nchi waliyoijenga, kisha akaenda mbali zaidi: akapendekeza Afrika Mashariki iunganishwe na Dola ya India, itawaliwe kutoka huko kama jimbo lake. Wazo hilo halikuwa lake peke yake. Sir Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna wa Uganda, alikwisha kuitazama Afrika Mashariki kama nchi ya Wahindi kuhamia, kama Wazungu walivyohamia Amerika. Lakini Johnston alikuwa Mwingereza mwenye cheo. Walipolisikia kutoka kinywani mwa mfanyabiashara wa Kihindi, walowezi walipata walichokuwa wakikitafuta. Tangu hapo, kila Mhindi aliyeomba haki yoyote, hata ya kujenga choo mtaani kwake, aliambiwa kwamba shabaha yake ni kuitwaa nchi.

Nao hawakuwa wamekosea kabisa, na hapo ndipo ninaposhindwa kumtetea Jeevanjee. Katika hesabu yake ya London kulikuwa na Mwingereza na Mhindi, mdaiwa na mdai. Mwenye nchi hakuwa na safu. Mkataba wa 1904 ulikuwa umewaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwasukuma Laikipia, na ilipofika 1911 walikuwa wakisukumwa tena kutoka Laikipia kwenda kusini ili Wazungu wapate malisho. Wakikuyu wa Kiambu walikuwa wameamka na kukuta mashamba yao yana wenyewe wapya. Ardhi ambayo Jeevanjee alidai haki ya kuinunua ilikuwa imeibiwa jana. Alilalamika kwamba hakuruhusiwa kuingia dukani. Bidhaa iliyokuwa rafuni ilikuwa ya wizi, na hilo halikuwemo katika malalamiko yake.

Aliporudi, kazi yake ikawa ya kujenga chama. Mashirika ya Wahindi yalikuwepo, Mombasa na Nairobi, kila moja na wakubwa wake na ugomvi wake wa madhehebu. Machi 1914 yalikutana Mombasa na kuunda Kongresi ya Kitaifa ya Wahindi wa Afrika Mashariki, kwa mfano wa Kongresi ya India, na Jeevanjee akawa rais wake wa kwanza. Mabohora, Wakhoja, Wahindu wa Gujarati na Masingasinga wa Punjab wakakaa chini ya paa moja. Si jambo dogo. Wanaojua siasa za jamaat za mji wowote wa pwani wataelewa.

Miezi mitano baadaye vita vikaanza. Himaya iliwaita askari wa India kupigana na Wajerumani huku ikiwatilia shaka Wahindi wa Nairobi na Mombasa. Baadhi walishitakiwa kwa uchochezi chini ya sheria ya kijeshi, na wako walionyongwa. Wakati huo huo Sheria ya Ardhi ya 1915 ilimpa Gavana uwezo wa kuzuia ardhi ya Mzungu isihamie mikononi mwa mtu wa rangi nyingine. Vita vilipokwisha, tume ya uchumi iliyojaa walowezi ilitoa ripoti mwaka 1919 ikidai kwamba Mhindi ni mchafu na anamharibu Mwafrika tabia. Kwa mara ya kwanza walowezi walimtaja Mwafrika kama hoja. Hoja hiyo ingewafaa sana.

Kufikia 1921 koloni, ambalo sasa liliitwa Kenya, lilikuwa na Wazungu wasiofika 10,000 na Wahindi waliozidi 22,000. Wazungu walikuwa na kura na viti 11 barazani. Wahindi walitaka orodha moja ya wapiga kura kwa wote wenye sifa. Hapo uongozi ulikuwa umeanza kupita kwa kijana, Manilal Ambalal Desai, karani wa sheria aliyeacha kazi na kuanzisha gazeti la East African Chronicle. Tofauti kati ya wazee na Desai ilionekana katika kitu kimoja: Desai alizungumza na Waafrika. Harry Thuku, mpiga simu wa hazina ya serikali, alipoanzisha chama chake mwaka 1921, alipata msaada wa ofisi na wa kuchapa karatasi zake kwa Desai. Thuku alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika mbele ya kituo cha polisi ukapigwa risasi. Serikali ilikiri vifo 21. Watu walisema ni zaidi. Walowezi walisema Wahindi ndio waliomchochea, kana kwamba kipande na kodi havikutosha kumchochea mtu.

Mwaka 1923 kila upande ulikwenda London. Walowezi, baada ya kupanga njama ya kumteka Gavana iwapo Wahindi wangepewa kura ya pamoja, walimpeleka Delamere. Wahindi walipeleka ujumbe wao, na Jeevanjee, mzee wa miaka 67, alikuwemo pamoja na Desai. Srinivasa Sastri alikuja kutoka India kuwasemea. Julai, Mtemi wa Devonshire, Waziri wa Makoloni, alitoa waraka wake. Kenya ni nchi ya Waafrika, ulisema, na maslahi ya Waafrika lazima yatangulie maslahi ya wahamiaji wa rangi nyingine yoyote yanapogongana.

Kwa sentensi hiyo daftari lote likafungwa. Aliyekuwa hana safu ndiye sasa aliyetumiwa kufuta deni. Wahindi walipewa viti 5 vya kuchaguliwa kwa orodha yao peke yao, ubaguzi wa makazi mijini ukaondolewa kwenye karatasi, na nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Na Mwafrika mwenyewe, ambaye kila kitu kilifanywa kwa jina lake? Aliwekewa mmisionari mmoja wa kumsemea barazani. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia hadi 1944. Kwa hiyo ni sawa kusema kwamba waraka ule ulikuwa na ukweli ambao Jeevanjee hakuwahi kuusema, na ulisemwa na watu ambao hawakukusudia kuutekeleza.

Wahindi walisusia viti. Wengine walikataa kulipa kodi. Januari 1924 Kongresi ilikutana Mombasa, safari hii chini ya Sarojini Naidu, mshairi na mwanasiasa aliyevuka bahari kuja kuiongoza, na lugha iliyosikika haikuwa tena ya kandarasi na malipo. Ilikuwa ya Gandhi. Desai alifariki Bukoba mwaka 1926. Wazee kama Jeevanjee walikaa safu za mbele, wakaheshimiwa, wakaulizwa ushauri baada ya maamuzi kufanyika.

Mali nayo ilipungua. Serikali ilikuwa na majengo yake sasa na haikumhitaji mwenye nyumba. Alipofariki Nairobi mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 80, hakuwa tena yule tajiri aliyekodisha mji mzima.

Bustani ilibaki. Mwaka 1991, mjukuu wake, Zarina Patel, alisikia kwamba kuna mpango wa kujenga juu yake jengo la ghorofa la kuegeshea magari. Zilikuwa siku za KANU, miaka miwili tu tangu Wangari Maathai apambane na serikali juu ya mnara wa Uhuru Park, na kila mtu alijua gharama ya kubisha. Zarina alibisha. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ile ilitolewa kwa watu wa Nairobi, na kilichotolewa kwa watu hakina waziri wala diwani wa kukigawa. Wanairobi wakaiunga mkono hoja hiyo, mradi ukaachwa, naye Zarina akaingia kwenye nyaraka kumtafuta babu ambaye jina lake alikuwa amelipigania; kitabu chake juu ya maisha ya Jeevanjee kilitoka mwaka 1997. Magari yakatafutiwa pengine pa kuegeshwa.